Kumtokea usiyemjua au kuanza na mazoea: mwongozo kamili kwa anayetafuta mwenza Moshi

Moshi ni mji wa kutembea kwa miguu. Kutoka stendi kuu hadi Mnara wa Saa hata jasho halijatoka, na ukizunguka Double Road, Mbuyuni na Kiboriloni siku ya Jumamosi utapishana na sura zilezile mara mbili tatu. Mtu unayesema humjui yuko karibu kuliko unavyodhani: amesoma na binamu yako, anaimba kwaya moja na mpangaji mwenzako, au shangazi yake ndiye anayekuuzia ndizi. Ndiyo maana ushauri wa kujaribu kwa watu ishirini ili mmoja akubali haufanyi kazi hapa. Kabla hujafika wa tano, wa sita ameshasimuliwa.

Kwa hiyo suala si kama una ujasiri au huna. Jiulize: huyu mtu nitamwona tena bila kupanga? Kama hutamwona, mtokee leo, yaani mwendee umsemeshe, kwa adabu na kwa dakika chache. Kama utamwona, usimtokee. Zoeana naye kwanza, ila useme nia yako kabla hujageuka kaka yake. Yanayofuata ni namna ya kulifanya kila moja bila kujiharibia.

Kwanza, umri. Mji huu na vijiji vyake umejaa sekondari, nyingi za bweni, na mwanafunzi wa kidato cha 6 akivaa nguo za nyumbani huwezi kumtofautisha na wa chuo. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Basi katika maneno yako ya mwanzo kabisa uliza anasoma wapi au anafanya kazi gani. Akitaja shule, mtakie masomo mema uende zako.

Kumtokea usiyemjua

Mwanamke anayekatiza stendi akiwa amekunja uso hana kisirani. Tangu ashuke kwenye gari ameitwa na wapiga debe, amevutwa mkono na muuza mitumba, amepigiwa honi na bodaboda watatu. Ukimfuata hapo unajipanga kwenye foleni ya watu wanaotaka kitu kutoka kwake, hata ukija na maneno ya asali. Mahali pazuri ni pale ambapo mtu ametulia na ana uhuru wa kuondoka: mgahawani mchana, kwenye foleni ndefu ya benki, kwenye maonyesho, kwenye sherehe, au pale Chuo Kikuu cha Ushirika siku ya Kilimanjaro Marathon, ambapo waliokimbia kilomita 5 na waliokimbia 42 wote wanatafuta maji na kivuli.

Saa nayo ina uzito. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 11 jioni uko salama. Giza huingia karibu na saa 1 usiku, na likishaingia, mwanaume asiyejulikana akisogea mtu anaushika mkoba kwanza.

Pa kuacha kabisa: msibani; hospitalini, maana anayetoka KCMC kumwona mgonjwa hana nafasi yako kichwani; kwa wakala wa pesa, ambapo ana noti mkononi; na kwa mtu aliye kazini akikuhudumia. Tabasamu la mhudumu ni sehemu ya mshahara wake, usilihesabu.

Sasa hatua zenyewe. Msogelee kwa mbele au ubavuni, kamwe si kutoka nyuma. Simama umbali wa hatua mbili na uache njia wazi, ili akitaka kuondoka asilazimike kukuzunguka. Anza kwa salamu iliyokamilika, "Habari za saa hizi, dada," kisha nyamaza usubiri jibu. Wengi wanaanza na "samahani" tupu, wanashangaa mtu anashtuka. Neno hilo likitoka kwa mgeni, linalofuata kwa kawaida ni ombi la nauli. "Mambo" nayo inategemea rika, kwa mtu wa makamo inasikika kama utani. Na akikutangulia kwa "shikamoo", jibu "marahaba" uendelee na safari. Umeshawekwa kwenye kundi la wajomba, na hakuna mstari wa mapenzi unaoanzia hapo.

Akiitikia vizuri, jitambulishe kwa namna itakayomwezesha kukuweka mahali. Watu wa huku hawatulii mpaka wajue wewe ni wa wapi. "Naitwa fulani, nafanya kazi duka la vifaa pale karibu na soko. Nimekuona nikasema nikiondoka bila kukusalimia nitajilaumu. Sikucheleweshi." Inatosha. Ukitaka kusifia, sifia alichokichagua mwenyewe, kama mshono wa kitenge au namna alivyosuka, si umbo alilozaliwa nalo. Sifa za umbo kutoka kwa mtu asiyemjua humfanya ajitazame na kujifunika.

Dalili ya kuendelea ni moja: naye akuulize kitu. Kucheka si dalili, wengi hucheka kwa aibu au ili yaishe kwa amani. Akijibu mara tatu bila kukurudishia swali hata moja, aga: "Haya dada, siku njema." Mazungumzo yote yasizidi dakika 3 hivi. Ukimwacha angali na hamu ya kusikia zaidi, wiki ijayo mkikutana atakukumbuka. Ukikaa mpaka amechoka, atakumbuka uchovu.

Namba usiombe, acha yako. "Nikuachie namba yangu, ukipenda utanibipu" inampa nafasi ya kukataa bila kukukatalia usoni. Ukimwomba yake kwa nguvu atakupa yenye tarakimu moja iliyogeuzwa, na ukiipiga palepale mbele yake kuhakiki, umeligeuza jambo kuwa ukaguzi. Jitambulishe kwa jina lako la kweli, kwa sababu akitaka kujua wewe ni nani ataanza kama vile anakutumia pesa kwa simu, jina lililosajiliwa litokee, kisha asitishe. Ukijiita Brayan na simu ikasema Athumani, hata kabla ya salamu ya pili mambo yameharibika.

Ndani ya daladala au Coaster ya Arusha kuna kanuni yake. Ni kilomita kama 80, na uliyekaa naye hana pa kwenda. Zungumzeni ya kawaida tu, mahindi ya Boma Ng'ombe, Mlima Kilimanjaro umefunguka au umefunikwa na mawingu, na usiombe chochote mpaka mmoja wenu awe anashuka. Akivaa spika za masikioni, safari yenu imekwisha hata kama gari liko Usa River.

Yanayoharibu yanajulikana. Kumshika mkono. Kumsindikiza bila kuombwa, jambo ambalo wengine huliita uungwana ilhali yeye anahesabu nyumba ngapi zimebaki kabla hujajua anapokaa. Kuacha marafiki zako watatu wamesimama ng'ambo wakichekelea, kwa hiyo anajiona ni dau. Na kung'ang'ania. Kanuni ya Adhabu, baada ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, inatambua kosa la bughudha ya kingono, na maneno matupu yanaweza kulitimiza. "Hapana" ya kwanza ndiyo ya mwisho.

Mazoea

Hapa ndipo wapenzi wengi wa mji huu wanapopatikana, ingawa wachache hukiri kwamba walipanga. Unachohitaji ni mahali penye sifa tatu: mnakutana kila wiki, kuna kazi ya kufanya, na watu wengine wapo. Kwaya ya usharika inazo. Jumuiya ndogo ndogo inazo. Kikundi cha kukimbia asubuhi kinazo, kozi fupi ya jioni pia. Kijiweni hakuna kazi, na kwenye baa watu hubadilika kila siku.

Lakini juu ya vyote weka kamati ya harusi. Ni ajabu watu wanavyolalamika michango bila kuona walicholipia. Vikao vinaweza kwenda wiki kadhaa, tena kwa siku ileile na mahali palepale. Kila aliyekaa pale ni ndugu, jirani au mfanyakazi mwenza wa mtu unayemjua, kwa hiyo taarifa zake unaweza kuzipata bila upelelezi. Mazungumzo yenyewe ni ya ndoa, hakuna wa kushangaa ukisema unataka kuoa. Na unamwona mtu akiwa kazini: anavyoshika pesa za watu, anavyomjibu mwenyekiti mkali, anavyosema ukweli pale ahadi yake ya mchango inapochelewa.

Namna ya kuitumia: ingia kikao cha pili au cha tatu, usisubiri cha mwisho. Toa ahadi unayoiweza, kwa sababu orodha husomwa kwa sauti. Omba kamati ndogo ya usafiri au ya chakula, zenye kazi za kutembea watu wawili watatu kwenda kuangalia ukumbi, kujadili bei ya ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, kukodi gari. Ukiwa kamati ya vinywaji utashinda na wanaume wenzako mkibishana kuhusu kreti. Uhazini usiuguse, ukigombana na mtu kwa shilingi elfu 20, uchumba utausikia kwa jirani.

Vikao vyako viwili vya kwanza salimia wote sawasawa, wazee kwa shikamoo, mmojammoja. Kuanzia cha tatu kaa jirani naye mara moja moja, umuulize kitu alichokisema wiki iliyopita. Cha nne, mwite kwa jina lake, acha "dada". Hili linaonekana dogo na ndilo wengi wanakosea. Kwa Kiswahili majina ya undugu yanagawa vyeo. Ukimwita dada miezi mitatu, naye akakuita kaka, mama yake akakuita mwanangu, siku ukisema unampenda ni kama umevunja mwiko. Jibu lake, "mimi nakuona kama kaka yangu", linaweza lisiwe kisingizio hata kidogo. Ndicho cheo ulichokikubali.

Cheo hicho huwa kinajengwa na huduma. Wewe ndiye wa kubeba mtungi wa gesi, wa kutengeneza simu, wa kumpokea stendi saa 4 usiku, wa kusikiliza mabaya ya mwanaume mwingine. Saidia kama unavyomsaidia jirani yeyote, mara moja ukiombwa, kisha urudi kwenye yako. Mwanaume aliyejaza ratiba yake yote kwa kazi za mtu mmoja hana tena kitu cha kumsimulia.

Kosa la upande wa pili ni urafiki wa kuvizia. Mtu anajifanya rafiki, akikataliwa anapotea siku ileile na namba anafuta. Yule dada hapo anaelewa kwamba kila mazungumzo yalikuwa ya uongo, na anawaambia wenzake. Jipime kabla: akinikataa, kikao kijacho nitakwenda? Kama huwezi, usianzishe urafiki naye. Mtokee wazi, upate jibu, yaishe.

Kusema

Kipimo chetu ni kati ya mkutano wa nne na wa nane, yaani mwezi mmoja hadi miwili kwa mnaoonana kila wiki. Kabla ya hapo hajakujua. Baada ya hapo mmeshazoeana kwa namna nyingine, na kila wiki inayoongezwa inaongeza hofu, haiongezi nafasi.

Usiseme kwenye kundi, wala kwa ujumbe, wala kupitia rafiki yake. Mshenga ana kazi yake baadaye, wakati wa posa. Kumtuma mtu hatua hii kunamfanya yule aliyetumwa ajue kabla ya mhusika, na Moshi yote baada yake. Chagua wakati mnaotembea kutoka kikaoni, nuru ikiwepo, na yeye akiwa na njia ya kwenda kwake bila wewe. Useme kwa sentensi tatu, si hotuba: "Nimekuzoea, na nikuambie ukweli, sikuoni kama rafiki tu. Ningependa tutoke Jumamosi mchana, mimi na wewe. Ukiona haiwezekani niambie, kikao tutaendelea vizuri."

Majibu huja ya aina nne. "Sawa" ni sawa. "Jumamosi nina shughuli, labda Jumapili" ni ndiyo, kwa sababu ameleta siku yake. "Nina shughuli" bila siku nyingine ni hapana ya heshima. Na "nipe muda nifikirie" ipe wiki 2, bila kukumbusha. Zikipita kimya, jibu umeshapata.

Wanawake wanaotaka kuanza wao, njia ni ileile ila mlango ni mwingine. Mwanamke akitamka mapenzi moja kwa moja, wanaume wengi wa huku bado humpokea vibaya, ama wanaogopa ama wanajiona wameokota. Mwaliko unafanya kazi nzuri zaidi: "Jumamosi naenda kuangalia maporomoko Marangu, twende?" Mwanaume asiyeelewa mwaliko wa namna hiyo mara mbili ama hataki ama ni mzito wa kuelewa, na vyote viwili ni taarifa.

Simu na hela

Maongezi ya "mambo, poa, vipi, safi, umekula" yanaua zaidi ya ukimya. Ujumbe mmoja wenye kitu ndani, kama picha ya ule ukumbi mliobishania, unazidi salamu kumi. Picha za maua zenye asubuhi njema waachie wajomba. Ukituma mara mbili hujajibiwa, usitume ya tatu.

Kuhusu mizinga, yaani kuombana hela: mwezi wa kwanza usitume wala usiombe pesa, uwe mwanaume au mwanamke. Aliyealika ndiye anayelipa, basi. Anayeomba ya kodi baada ya wiki moja hajakuona wewe, na anayetuma vocha kila siku bila kuombwa anajinunulia haki ambayo hakuna aliyemuuzia. Tena msijidanganye kuhusu kudai: Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu kudai zawadi mahakamani pale tu zilipotolewa kwa sharti la ndoa ambayo haikufungwa. Chipsi kuku hazimo.

Kutoka mara ya kwanza

Mchana, mjini, mahali penye watu, saa moja na nusu. Shilingi elfu 20 hadi 30 mfukoni inawatosha wawili kwa mtori au ndizi nyama na soda, ukikwepa hoteli za wapanda mlima. Kila mmoja aje na nauli yake ya kurudia. Geto si mahali pa mara ya kwanza, hata kwa kisingizio cha kuchukua chaja. Dada, mwambie mtu uko wapi na utarudi saa ngapi. Kijana mwenye akili hakasiriki akisikia unapiga simu hiyo.

Siku hiyohiyo au inayofuata ulizeni mambo mawili ambayo kwingine yangesubiri. La kwanza: kwenu wapi, na ukoo gani? Kwa Wachaga, wenyeji wa huku, ndoa ndani ya ukoo mmoja ni mwiko, na jina la mwisho peke yake halitoshi kukuambia kitu; kuna wenye jina moja wasio ndugu, na kuna ndugu wenye majina tofauti kwa upande wa mama. Ukishajua, muulize bibi au babu. Watu wamewahi kufika hadi barua ya posa ndipo mzee mmoja akauliza swali ambalo lingeulizwa siku ya kwanza.

La pili ni dini. Wamisionari waliugawa mlima: Machame na Marangu zaidi ni Walutheri, Kibosho na Rombo zaidi ni Wakatoliki, na familia nyingi zimekaa hivyo hadi leo. Haizuii ndoa, lakini nani atamfuata nani ni mazungumzo ya miezi, si ya wiki ya harusi. Kwa Mwislamu wa Bondeni na Mkristo wa Uru, anzeni mapema zaidi.

Disemba ina hesabu yake. Wachaga wanarudi nyumbani kutoka Dar na kwingine, mji unajaa magari, na kila mtu anaonekana ana nafasi na pesa. Mtu wa likizo ana kama wiki 2. Hapo kanuni ya mwanzo inageuka: unaweza kuwa mmekua kijiji kimoja, lakini hutamwona tena bila kupanga, kwa hiyo usisubiri mkutano wa nne. Sema ndani ya siku 3 au 4. Kisha usiamini chochote mpaka mwisho wa Januari, akiwa amerudi kwenye foleni zake za Dar na bado anapiga simu.

Ukikataliwa katikati ya vikao, siku inayofuata salimia kwa sauti ileile uliyokuwa unatumia, usiizidishe wala kuipunguza. Usihame kamati, watu watauliza sababu na wataipata. Ahadi yako ya mchango imalize. Siku ya harusi kaa meza nyingine, na ndafu ikiletwa, piga makofi na wenzako.